Samli Kwenye Friwili ya Baba

Baiskeli ya baba ilikuwa na mdomo kuliko mimi, na wanaonijua shuleni watakwambia hilo si jambo dogo. Ukiacha kupiga pedali ikateleza yenyewe, friwili, yale meno ya gurudumu la nyuma yanayovaa cheni, ililia tiki-tiki-tiki ikasikika nusu ya mtaa wetu wa Ipuli. Baba ni fundi cherehani, lakini pia ni balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo mlio ule ulikuwa kama king'ora cha serikali. Wazee walifunika bao, jirani yetu muuza vitumbua alificha chungu chake cha pombe, na mimi nilishika kitabu. Mara nyingine nilikishika kichwa chini miguu juu.

Likizo ya mwezi wa sita nilitaka kitu kimoja tu: kwenda Kigwa kwa bibi, peke yangu, kwa baiskeli ile, niingie kijijini kama mtu mzima huku binamu zangu wakimeza mate. Baba alikuna ndevu.

"Isafishe kwanza. Friwili ioshe kwa mafuta ya taa, ikikauka uitie mafuta ya cherehani, matone mawili matatu. Ikienda vizuri, nenda."

Niliosha kweli. Hata miguu yangu sijawahi kuiosha vile. Likatoka tope jeusi la tangu enzi za mkoloni. Lakini nilipotazama yale mafuta ya cherehani, mepesi kama machozi, nikaona huu ni ubahili wa mafundi. Kwetu samli ya bibi, ile inayotoka Kigwa, ni dawa ya kila kitu: sikio likiuma, samli, kifua kikibana, samli, kisigino kikipasuka, samli. Mimi, mwanasayansi wa kidato cha pili, nikajiuliza friwili ina nini cha zaidi? Nikayeyusha samli jikoni, nikaimimina kwenye upenyo huku nikizungusha gurudumu, mpaka ikakataa kunywa. Nikazungusha tena. Kimya, hata mguno! Nilijipongeza kwa sauti, maana hakukuwa na mwingine wa kunipongeza.

Jioni baba akatoka na baiskeli kuwakumbusha watu kazi ya kesho, kufyatua matofali ya zahanati. Mimi nikabaki uani na wadogo zangu, nikavaa koti lake, nikaweka mto tumboni, nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Ndugu wananchi! Hakuna kulala! Anayeruhusiwa kukoroma ni mimi peke yangu, na ninakoroma kwa niaba yenu!"

Wadogo zangu wakaanguka kwa kicheko. Halafu wakanyamaza, wote kwa pamoja. Nikadhani wamezidiwa na ufasaha wangu.

"Endelea, ndugu mwenyekiti," baba alisema nyuma yangu. "Na kuhusu matofali?"

Mto ukadondoka wenyewe. Ajabu, hakunipiga. Alikuwa na furaha yake: jioni ile alikuwa amelikuta bao limepamba moto, na chungu cha pombe akakikuta wazi. "Baiskeli hii sasa ndiyo baiskeli," alisema akipapasa tandiko.

Alipoingia ndani tu, muuza vitumbua akachungulia uani.

"We mtoto, umeifanya nini baiskeli ya balozi?"

"Shikamoo, mama. Nimeitia mafuta tu."

"Shikamoo yako kaa nayo. Irudishie sauti yake!"

Asubuhi, kwenye ile baridi yetu ya Tabora, watu walikusanyika mbele ya nyumba na majembe. Baba akapuliza filimbi, akapanda baiskeli aongoze msafara. Miguu ikaenda, baiskeli haikwenda. Akakazana, pedali zikazunguka bure kama feni, yeye yuko palepale, kisha akaanza kulala polepole upande wa kushoto mpaka mzee mmoja wa bao akamdaka.

"Balozi, leo tunafyatua upepo?"

Baba akaliinamia gurudumu. Sisimizi walikuwa wamepanga foleni hadi kwenye friwili, nzuri kuliko ile ya duka la ushirika. Paka alikuwa akilamba cheni.

"Umetia nini humu?"

"Mafuta, baba."

"Mafuta gani?"

Nilikuwa bado natafuta jibu la kisayansi mama alipotokea mlangoni na kopo tupu. "Nani kamaliza samli yangu?"

Kumbe samli iliganda kwa baridi, na vile vijino vya ndani vinavyosukuma gurudumu vikanasa humo kama nzi kwenye uji. Nikaiosha upya, mtaa mzima umenizunguka, nikatia mafuta ya cherehani, matone mawili matatu. Nikazungusha. Tiki-tiki-tiki! Watu wakapiga makofi, muuza vitumbua akapiga vigelegele. Baba aliguswa sana. Alidhani wanamshangilia yeye.

Jioni nikajikaza kuuliza, "Na Kigwa je, baba?"

"Utakwenda. Samli ya mama yako itarudi kwa miguu?" Kabla sijaruka kwa furaha akaongeza, "Ila tunakwenda wote. Wewe utaendesha. Mimi nitakaa nyuma niisikilize friwili."

Baba yangu si mtu mwembamba. Wapagazi wa zamani walipita nchi hii na pembe za ndovu mabegani, lakini pembe angalau hazisemi. Nilikanyaga mchangani mpaka shati likanigandia mgongoni. Tulipopata mteremko wa kwanza nikaacha kupiga pedali, friwili ikaanza kuimba, nikasema sasa nitapumua. Nikaguswa begani.

"Ndugu mwenyekiti, kule kwenye kukoroma, uliishia wapi?"