Pete za Goti Langu

Mwezi uliopita niliitwa mkutanoni Ukunda. Vijana wa kompyuta wanataka kujenga kituo cha teknolojia, mahali pa kuwakusanya wabunifu wa pwani yetu ya kusini ili mmoja ajifunze kwa mwenzake. Walituonesha picha za majengo ya vioo. Nilisikiliza kwa adabu mpaka mgongo ukaanza kuniuma, ndipo nikauliza, "Na kazi ikimshinda mtu, ataiweka wapi?" Kiongozi wao, kijana mwenye heshima zake, akaniambia, "Mama, hilo bado hatujalifikiria." Nilirudi nyumbani nimekasirika kidogo, kwa sababu jambo hilo lilikuwa limekwisha fikiriwa Msambweni, na watu wasiokuwa hata na dirisha la kioo.

Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli. Kibanda chake kilikuwa katika safu ya vibanda vya makuti kando ya barabara, na majirani zake walikuwa mhunzi, seremala, mshona viatu na, mwisho kabisa, fundi wa miavuli. Hakuna serikali iliyowapanga pale. Mhunzi alitangulia kwa sababu ya vyuma chakavu vilivyopatikana karibu. Baba alimfuata mhunzi kwa ajili ya moto wake, seremala akafuata misumari, mshona viatu akafuata wateja wa wote watatu. Fundi wa miavuli alikuja, walivyosema wenyewe, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda. Mwavuli ni kazi ya masika. Miezi mingine mzee yule alikaa akinywa kahawa ya wenzake na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba.

Lakini watu walitoka Kikoneni, walitoka hadi Jego, wakapita mafundi wengine njiani ili wafike pale, na sababu ilikuwa desturi moja tu. Kazi ikimshinda fundi, haikulala kibandani mwake. Baada ya swala ya alasiri aliitoa nje, akaiweka juu ya jamvi lililotandikwa katikati ya safu, akasema, "Hii imenishinda." Wote walikuja kuitazama. Kucheka kuliruhusiwa, ila aliyecheka ndiye aliyelazimika kuanza kuijaribu. Nimeona juu ya jamvi lile cherehani, pampu ya maji, jeki ya lori la miwa na saa ya ukutani ya msikiti. Nyingi ziliondoka zikifanya kazi.

Sisemi walikuwa malaika. Mhunzi akiazima nyundo, sahau nyundo yako. Seremala alikuwa na kinywa kibaya. Hata hivyo sijapata kuona tena watu wazima wakisema "imenishinda" kwa urahisi vile, na mimi nimefanya kazi ofisini miaka mingi.

Mimi nilipooza mguu wa kushoto nikiwa mdogo. Hospitalini nilipewa chuma, kimenyooka toka pajani hadi kwenye kiatu, na kwa chuma hicho nilitembea, Mungu awalipe. Ila hakikukunja goti, na maisha yetu sisi ni ya chini. Tunakula chini, tunasoma chini, tunazungumza chini. Chuoni, tulikosomea Kurani, wenzangu waliketi kwenye mkeka wakikunja miguu, nami nilikaa kwenye kiti nyuma yao, peke yangu, kama mkaguzi.

Mwaka wa kwanza wa uhuru, wasichana wa chuo chetu walichaguliwa kusoma katika maulidi ya mji. Wangeketi safu mbili mkekani mbele ya watu wote, kisha wakati wa kiyamu, watu wanaposimama kumswalia Mtume, wainuke pamoja. Sauti nilikuwa nayo, na sioni haya kulisema. Maalimu akamwambia mama kwa upole kwamba mimi nitawekewa kiti karibu na mlango. Niliposikia nikamwambia mama kwamba palipo na kiti, mimi sipo. Toka siku hiyo nikagoma kwenda chuoni. Nilikuwa na miaka tisa, na ukaidi wangu ulikuwa wa mtu mzima.

Baba akaanza kutengeneza chuma kingine. Hakukitengeneza kibandani. Alikifanyia kazi nyumbani, nyuma ya jiko, akikifunika kwa gunia kila apitapo mtu. Kwenye goti aliweka bawaba, na ili kuizuia isikunjike nikiwa nimesimama akaweka pini ndogo ya pedeli ya baiskeli. Niichomoe niketi, niichomeke nisimame. Siku mbili nilitembea nacho nikijisikia malkia. Siku ya tatu, njiani kwenda dukani, pini iliteleza ikatoka, goti likakunjika, nikaanguka kidevu kikatangulia. Kovu ninalo hata leo. Nilikivua chuma pale pale, nikabebwa nacho hadi nyumbani, nikamwambia baba sitavaa tena kitu kilichotoka mikononi mwake. Alikichukua akakirudisha nyuma ya jiko. Neno lile nalijutia mpaka sasa.

Aliyejibu ni mama, jioni, mimi nikisikia. "Juzi jeki ya lori umeiweka jamvini. Mwanao ndiye humweki?"

"Mguu wa mwanangu si jeki," baba akasema. "Sitaki wautazame."

"Na wautazame. Macho yao ndiyo uliyoyakosa."

Kesho yake baada ya alasiri baba alinibeba mpaka kwenye safu, akaniketisha jamvini, mguu umefunikwa kwa leso. Akaweka chuma kando yangu. Akasema, "Hii imenishinda," na sauti yake ilitetemeka. Nilikuwa sijapata kumwona baba akiwa vile, na hasira yangu yote ikaniishia.

Walianza. Mhunzi alitaka pini nene zaidi. Seremala alitaka kabari ya mti. Wakabishana juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni meza, mpaka nikasema, "Nami nipo hapa." Fundi wa miavuli akachutama mbele yangu.

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nioneshe. Ukitaka kuketi, mkono wako unakwenda wapi?"

Nikamwonesha. Mkono ulishuka wenyewe pajani, juu kidogo ya goti. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo, hata baba.

Mzee alichukua mwavuli wake, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Akatuonesha ile pete inayopanda na kushuka kwenye fimbo. "Mwavuli nao una goti," akasema. "Weka pete juu ya bawaba, kila upande wa goti. Mguu ukinyooka, pete inaanguka yenyewe, inaifunika bawaba, haikunjiki. Akitaka kuketi, anaivuta juu kwa mkono ule ule."

Mhunzi akacheka. Alipotambua alichofanya, wenzake wote walikuwa wakimtazama.

Basi akaanza yeye. Pete za kwanza zilibana, za pili zikalegea zikawa zinalia kama njuga, za tatu zikakaa. Baba alinyoosha vyuma, seremala akachonga mti wa kipimo cha mguu wangu, mshona viatu akashona mikanda na kutia pamba ndani. Kila mmoja aliharibu kitu cha mwenzake angalau mara moja. Nilikijaribu mbele yao, nikaketi na kusimama mpaka nikachoka. Baba aligeuka akajifanya anatafuta spana.

Nilirudi chuoni, na usiku wa maulidi niliketi safu ya mbele. Kiyamu kilipofika tukainuka, nikasikia pete zikianguka mahali pake, moja halafu ya pili, na sauti yangu haikukatika.

Baada ya hapo walikuja wazazi wengine na watoto wao, na mafundi wageni wakahamia, safu ikarefuka mpaka kona. Seremala aliiba wazo la ile pete akalitia kwenye miguu ya meza za kukunja, akaziuza mpaka Galu, na fundi wa miavuli alifurahi kuliko yeye.

Mzee alipofariki nilikuwa mwanamke mwenye kazi na jina. Nilifika kwenye hitima yake, nyumba imejaa wanawake walioketi chini, na binti yake, kwa kuona chuma changu, akakimbia kuniletea kiti. Nikamshukuru, nikamwambia akirudishe. Nikavuta pete juu, zote mbili, nikaketi mkekani pamoja na wengine.