Viatu vya Baba Katika Kila Picha

Harufu ya dawa ya viatu hunirudisha mtaani Kapata, uani kwetu, mbele ya shuka la bluu ambalo baba alilitundika ukutani kila Jumapili. Wengine wakiinusa hukumbuka shule au kanisa. Mimi hukumbuka wivu.

Baba alikuwa mpiga picha. Wateja wake wengi walikuwa wachimbaji vijana waliotoka Kasai kutafuta shaba na kobalti. Walikuja Jumapili wakiwa wameoga, ngozi ikimeta mafuta, wakavua kandambili na kuvaa viatu vyeusi vya baba, ambavyo dada yangu alikuwa amevipiga dawa tangu asubuhi. Kisha walisimama wima kama nguzo. Picha ilipaswa kumwonyesha mtu mwili mzima, kuanzia nywele hadi kisigino. Nilipouliza kwa nini, baba alisema ndivyo wateja wanavyotaka. Jibu la namna hiyo halijawahi kunitosha.

Yaya Nadine, dada yangu huyo mkubwa, alipewa kamera mara nyingi kuliko mimi. Alipiga picha kama baba, hata huwezi kuzitofautisha. "Huyu iko na jicho," baba aliwaambia wageni. Kuhusu mimi alisema, "Huyu iko na maulizo." Wageni walicheka, na mimi nilicheka nao.

Noeli ilikuwa inakaribia. Baba angekuwa mjini kupiga picha za ndoa, na mmoja wetu angebaki na kamera ya uani. Niliitaka mimi. Nikazitandaza picha za Nadine mezani nitafute kasoro, nikaipata: nyuso tofauti, viatu vilevile. Wanaume wote wa Kasai walikuwa na jozi moja! Nadine alikuwa akipiga uongo, tena uongo uliong'arishwa.

Kwa hiyo zamu yangu ilipofika, na Kabeya, mchimbaji mmoja mpenda utani, akasimama mbele ya shuka, nilimsogelea, na kwenye picha nikamkata magotini. Uso wake ulionekana wazi, kicheko ndiyo kwanza kinaanza. Niliiangalia picha ile nikajua kwamba Nadine asingeweza kuipiga. Kabeya naye aliipenda, akamkabidhi mtu aliyekuwa akirudi kwao kwa treni ampelekee mama yake.

Baada ya wiki chache Kabeya alirudi uani, simu mkononi, bila utani, akamwambia baba:

"Tata, mama yangu analia tangu jana. Anasema shimo ilinikata miguu, na mi namuficha."

"Ulimuambia nini?" baba akauliza.

"Nilimuambia miguu iko. Anasema, basi juu ya nini haiko kwa picha?"

Baba akanigeukia, akitaka kujua viatu vilikoenda kwenye picha. "Bilato ulipeleka wapi?"

"Ni bilato byako, Papa. Kila mutu anabivaa."

Hakunigombeza. Alimpa Nadine kamera, Kabeya akavaa viatu, na picha mpya ikapigwa papo hapo, bure. Kamera haikurudi kwangu, si Noeli ile wala iliyofuata. Jioni Nadine aliniita kutoka jikoni nikale: "Mukata-miguu, kuya tukule." Jina hilo lilinikaa miaka.

Leo ninaishi kwa kupiga picha. Bado ninasogea karibu, bado ninakata, na kuna watu Lubumbashi wanaosimama mbele ya kazi zangu wakisema wanautambua mkono wangu. Nadine aliolewa Lubudi, anauza mahindi, na hajashika kamera tena.

Mwaka jana nilikwenda Kasai kwenye matanga ya ndugu wa baba, nikapita kumsalimu mama yake Kabeya. Picha ya Nadine ilikuwa juu ya kabati. Uso wa Kabeya ulikuwa mzuri bado, lakini chini, pale penye viatu, karatasi ilikuwa imefifia hadi nyeupe. Nilidhani ni maji. Kisha mama yule aliishusha anionyeshe, na kidole gumba chake kikaenda chenyewe kwenye miguu, kikapapasa.

"Nani aliyeipiga?" akauliza.

Nikasema ni dada yangu. Niliyoyaona mezani utotoni yalikuwa kweli, viatu vilikuwa vya baba. Lakini miguu ilikuwa ya Kabeya, na hilo Nadine alilijua bila kuuliza. Picha zangu zinasifiwa, zinawekewa vioo. Hakuna hata moja iliyofutika kwa kushikwa. Bado ninamwonea wivu.