Konzi ya Mahindi Yaliyolowa

Niseme mwenyewe, na msinihurumie. Mama Pudentienne hakuharibu pompi.

Alikuwa mjane wa mtaa wa Rugenge. Miaka tisa alifagia tumbo la meli yetu pale bandarini Kalundu, kila tukishusha mahindi ya Kalemie. Hakulipwa. Yaliyomwagika yalikuwa yake, akalisha wajukuu wanne, na kwa malipo hayo hayo alizamisha mkono kule chini kusafisha chujio la pompi inayotoa maji melini.

Fundi ni mimi, Hyacinthe. Siku ile maji yalifika kwenye mbao za sakafu, na pompi inazunguka bure. Pompi ya namna ile tumbo lake lazima lijae maji. Ikiingia hewa, haivuti kitu. Niliijaza mara tatu, mara tatu ikatema kidogo ikakauka. Basi hewa inaingia pahali, na mpira wa kuvutia maji nilikuwa nimeufunga mimi, nikajisifu.

Clovis, mwenye meli, akanisimamia kichwani. "Weye iko unatengeneza ama iko unacheza? Saa sita naita fundi mwingine."

Woga ulinishika. Nilipapasa chujio: safi kabisa. Nikachota konzi ya mahindi kwenye gunia alimokusanyia yule mama, nikayalowesha, nikapanda nayo juu.

"Patroni, angalia vitu vimeziba mu chujio."

Pudentienne alitazama mkono wangu. "Lakini miye nilisafisha asubuhi."

"Kwa macho gani? Umezeeka, mama."

Wapakizi walicheka. Clovis akamwaga gunia la mama lote ziwani, akamkataza kukanyaga meli tena. Mnyonge hana haki, na siku ile haki yake niliila mimi.

Mama hakuwa amefika barabarani nilipouona ufa kwenye mpira. Nilikuwa nimeukaza hadi ukapasuka. Nikaukata penye ufa, nikaufunga upya, nikajaza maji, pompi ikavuta vizuri. Clovis alinipiga bega, nami nikaficha kile kipande chenye ufa kama mbwa aliyeiba nyama.

Mwezi ukapita. Nilikutana na Mama Pudentienne kwenye njia ya Sange, anatoka kuokota mpunga uliobaki mashambani. Mjukuu mgongoni alikuwa na miguu iliyovimba na nywele nyekundu za njaa. Alitua kikapu, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Fundi, unisamehe. Haya macho yangu yangewazamisha nyote. Usinishike mu roho."

Nikamwambia nimemsamehe.