Siku Tuliyopakia Gari Kwenda Buffalo

Wiki iliyopita jirani yangu wa ghorofa ya juu alihama. Nilikuwa jikoni nikichambua mchele niliposikia tepu ya kufungia makatoni ikivutwa: kraaa, kimya, kraaa tena. Mkono wangu ukasimama juu ya sinia. Ni mtu mzima mimi, nina kazi yangu na funguo za nyumba yangu, lakini mlio ule ukinifikia ninarudi kuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nimepiga magoti ndani ya buti la gari pale Shively, upande wa kusini magharibi wa Louisville, nikinusa makatoni mapya, mawese na viti vilivyopigwa na jua kutwa nzima.

Niwaambie kwanza kuhusu baba yangu na mizigo. Tulipotoka Kivu tukapitia kambini miaka mingi, na tulipofika Amerika kazi ya kwanza aliyoipata Baba ilikuwa kupakia malori kwenye ghala. Watu wengine waliichukia kazi ile. Baba aliipenda. Alikuwa akirudi nyumbani mgongo unamuuma, na bado akitusimulia mezani jinsi alivyoliingiza katoni refu mahali ambapo msimamizi wake alikwisha kusema haliingii. Hata friji yetu aliipanga kama lori, hadi Mama akitaka nyanya moja ilimbidi ashushe nusu ya friji. Mama alilalamika, Baba akamwonyesha kwa fahari kwamba hakuna hata nafasi ya yai iliyopotea.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Tulikuwa na gari kubwa la viti saba, kuukuu, lenye keria juu, na kila Jumamosi tulipobeba watu na vyakula vya kanisa, Baba alinisimamisha nyuma ya buti na kunihoji kama mwalimu.

"Sifa, kuya hapa. Ule nafasi unaona, itatosha nini?"

"Sufuria ya kati, Baba, yenye mataulo ndani."

"Bon! Juu ya nini mataulo?" Kwetu "juu ya nini" ni "kwa nini".

"Juu sufuria haisafiri tupu."

Hapo alicheka, akanipiga kofi dogo la begani, akawaambia wazee wa kanisa, "Munaona huyu? Ni yeye chef ya kofre." Kofre ndivyo watu wa kwetu wanavyoliita buti, na chef ni mkuu wa kazi. Sijawahi kupewa cheo kingine kilichonifurahisha namna ile.

Sheria zake nilizijua zote. Vizito vikae chini, visukumwe hadi kwenye migongo ya viti, gari lisije likainua pua. Vitu laini vizibe mianya. Dereva aachiwe uwazi wa kuona nyuma. Na kubwa kuliko zote: kitu kitakachoshuka kwanza ndicho kinachoingia mwisho.

Kiangazi kile Baba alitangaza kwamba tunahamia Buffalo. Rafiki yake wa kambini alikuwa amemtafutia kazi kiwandani huko, na nyumba ilikuwa imepatikana, ya mbao, yenye vyumba vitatu. Vitanda tungewaachia watu wa kanisa. Vingine vyote vingeingia garini. Njiani tungepumzika Columbus kwa Tantine Vumilia, dada mkubwa wa Baba, mjane asiye na mtoto, tule chakula cha mchana, halafu tuendelee.

Kwa wiki nzima nilichora ramani ya buti kwenye daftari la hesabu, lile lenye miraba. Kila mzigo niliupa miraba yake na rangi yake. Dumu la mawese lilikuwa jekundu, mashine ya kushonea ya Mama kijani. Begi langu la nguo nililichora chini kabisa, kwenye kona ya kushoto, kwa sababu lilikuwa jembamba na kona ile ilikuwa nyembamba. Mdogo wangu Eliya, aliyekuwa na miaka mitano, aliomba achorwe na yeye, nikamchora kwenye kiti cha katikati, mimi pembeni yake, tumeshikana mikono.

Asubuhi ya safari kulikuwa na ugomvi mmoja tu, nao ulihusu kinu. Mama alikuwa na kinu cha kutwangia sombe, yaani majani ya mihogo, alichochongewa na Mrundi mmoja jirani yetu, kizito kama jiwe la kusagia. Baba alitaka kikae chini ya magodoro.

"Kinu yangu haiendi kulala chini ya magodoro," Mama alisema. "Inakaa mbele, na mimi."

"Na miguu yako utaiweka wapi?"

"Ndani ya kinu."

Tulicheka sote, na kweli Mama alisafiri na kinu katikati ya magoti. Ninawaambia haya ili mjue kwamba asubuhi ile tulikuwa na furaha. Au mimi nilikuwa nayo.

Tulipofika kwenye begi langu, Baba alichukua lile daftari, akaliangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akachomoa penseli kwenye nywele zangu, akaigeuza upande wa ufutio, akafuta ile kona ya kushoto.

"Ya kwako inakuwa ku mulango," alisema. "Begi, na ule blanketi, na kartoni ya masomo yako. Ya mwisho."

"Lakini Baba, kona itabaki wazi."

"Tutaweka viatu."

"Kwani mimi ndiye nitashusha kwanza?"

"Ndiyo," alisema, akageuka kukaza mikanda ya keria ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

Nilidhani ni zawadi. Tukifika Buffalo, chef wa kofre atakuwa wa kwanza kuingiza vitu vyake ndani na kuchagua chumba. Nikaliweka begi mlangoni kwa mikono yangu, nikaliegemeza vizuri, nikalizuia kwa blanketi ili lisije likaanguka buti likifunguliwa. Baba akasema kazi ni nzuri. Hakuniangalia aliposema.

Tulifika Columbus saa sita mchana. Tantine Vumilia alikaa kwenye nyumba za ghorofa mbili nyuma ya Morse Road, mahali ambapo kila maduka matatu moja linauza mihogo. Alikuwa amepika bugali, samaki na mchicha tunaouita lengalenga, na nyumba nzima ilinuka vitunguu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amepungua. Miguu ilikuwa imevimba, rangi yake imekuwa ya majivu. Ugonjwa wa figo, alisema, na akaleta mfuko uliojaa barua za hospitali ambazo hakuna aliyemsomea. Nilimsomea mbili palepale mezani. Mama alisimama akaenda bafuni, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Tulipomaliza kula Baba alisema, "Sifa, sindikiza Tantine ku duka ya dawa. Yeye hasikilizani nao Kingereza."

Nikaenda kwa moyo mweupe. Kusema Kiingereza mbele ya watu wazima kulinipa kichwa kikubwa, sitaficha. Nilimweleza yule mfamasia kila kitu, nikamweleza Tantine kila kidonge na saa yake, naye akanishika shavu akasema Mungu amemjibu. Sikujua ni jibu la ombi gani. Tulirudi polepole kwa sababu ya miguu yake, tukipumzika kwenye kila benchi la kituo cha basi.

Pale lilipokuwa gari letu kulikuwa na doa la oili, basi.

Nilidhani wamekwenda kutia mafuta. Nilipanda ngazi mbio. Ndani, kwenye sofa, vitu vyangu vilikuwa vimepangwa kwa utaratibu ule ninaoujua: katoni la masomo chini, begi juu yake, blanketi limekunjwa mara nne juu ya begi. Ni mtu mmoja tu duniani anayepanga vitu namna hiyo.

Tantine aliingia akihema. Aliona uso wangu, akaona sofa, akashika fremu ya mlango.

"Sifa. Baba yako hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Aliniambia mulishazungumuza. Aliniambia ulikubali." Akakaa chini kwenye kapeti, mwanamke yule mzito na miguu yake ya kuvimba, akaanza kulia kabla yangu. "Ee Mungu, huyu mwanaume. Huyu ndugu yangu."

Mimi sikulia. Nilishuka ngazi, nikaenda nikaketi juu ya lile doa la oili. Jua lilikuwa kali, lami inachoma kupitia gauni. Niliamua kwamba nafasi ile ni ya gari letu na nitaishika mpaka lirudi. Baada ya muda likaja gari dogo jeupe, likasimama mbele yangu. Akashuka kijana Mkenya, mwanafunzi, mwenye begi la vitabu.

"Sasa siste, hapo ndipo mimi hupaki. Ama kuna mtu unamngoja?"

"Namngoja baba yangu."

Aliangalia mfuko wa dawa niliokuwa bado nimeushika, akaangalia juu dirishani ambako Tantine alikuwa amesimama na leso usoni. Akakuna kichwa.

"Basi mngoje tu," alisema, akaenda akaegesha mbali kule karibu na mapipa ya taka, akarudi kwa miguu. Mpaka leo nikifikiria mtu mwema ndiye ninayemkumbuka, na jina lake sikulijua.

Jioni Tantine alinishushia simu. Mama ndiye aliyepokea, alisema, "Mutoto wangu," kisha sauti ikakatika, na simu ikachukuliwa na Baba.

"Sifa. Sikia. Tantine iko mugonjwa, hana mutu. Donc, ni wakati kidogo tu. Wewe ndiye unajua Kingereza."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilisikia gari likienda, na sauti ya Eliya nyuma ikiuliza kitu. Baba akasema mtandao ni mbaya.

Wakati kidogo ule ulikuwa miaka saba.

Sitawachosha na miaka saba. Mara tatu kwa wiki Tantine alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, nami nilitoka shule nikapanda basi kwenda kumchukua. Nikiwa na miaka kumi na miwili mimi ndiye niliyemwambia, kwa niaba ya daktari, kwamba figo zake hazitapona. Nilitafuta neno laini njia nzima, sikulipata. Tulipendana sana, Tantine nami. Hakuna siku aliyonifanya nijione mtumishi. Familia ilikuja kututembelea mara mbili, siku mbili mbili, na mara zote Eliya alikataa kukaa karibu yangu. Nilipomsogelea alijificha nyuma ya Mama. Nilisema moyoni, ni mtoto, amenisahau.

Tantine alifariki nikiwa na miaka kumi na minane. Baada ya mazishi nikaenda Buffalo kwa basi. Nyumba ya mbao ilikuwepo kweli, vyumba vitatu, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuwa changu. Siku ya pili nilikuwa nikiosha vyombo, Eliya anapangusa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu, Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, akijibu kila kitu kwa Kiingereza. Akaniuliza ghafla, bila kuinua macho:

"Kwa nini ulitukataa?"

"Nani aliyewakataa?"

"Wewe. Baba alisema ulilia ukakataa kupanda gari. Alisema ulitaka chumba chako peke yako kwa Tantine." Alipangusa sahani ambayo ilikuwa imekwisha kukauka. "Nilikushikia kiti. Sikuwaacha waweke mizigo hapo mpaka tulipofika."

Maji yaliendelea kutiririka. Nilimweleza kila kitu, duka la dawa, sofa, lami. Baba akaingia jikoni, nywele zimekuwa nyeupe, akatabasamu, akauliza tunazungumza nini. Nikataka kunyamaza, kama nilivyozoea. Eliya ndiye aliyejibu, na alijibu kwa Kiswahili, akitafuta kila neno.

"Baba. Ulidanganya yeye. Na mimi pia ulidanganya."

Baba alishika ukingo wa meza. "Mulikuwa batoto," alisema. "Mungelia. Mimi ningefanya nini?" Akatoka nje akasimama kwenye ngazi za mbele, mgongo wake kwetu, mpaka Mama alipomwita kula.

Hajawahi kuomba msamaha, nami nimeacha kusubiri. Eliya na mimi tunapigiana simu kila Jumapili. Tumejaribu kuifidia miaka ile, na kuna sehemu haifidiki.

Kwa muda mrefu nilidhani kilichoniuma ni kuachwa. Sasa najua sivyo. Mtu mgonjwa alihitaji msaada, na ndani ya familia nzima ni mimi pekee niliyeweza kumsaidia. Hata leo nisingemwacha Tantine na mfuko wake wa barua. Kama Baba angeketi nami asubuhi ile kwenye ukingo wa buti, akaniambia ukweli, ningelia, ndiyo, ningelia sana. Kisha ningemwambia Eliya mwenyewe, ningembusu, ningelishusha begi langu kwa mikono yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilimpenda baba yangu kupita kiasi. Angeniomba tu, ningekubali.