Kusi Ilinikuta Mazinde

Mama alipatwa na kiharusi wakati upepo wa kaskazi unamalizika, na ndiyo maana nilikubali upesi kurudi nyumbani Mazinde. Nilikuwa nafundisha wageni kupanda mawimbi kwa ubao kwenye kambi ndogo mbele ya Kigamboni, na miezi ile huwa haina kazi ya maana. Upepo wa mchana unachafua maji, mawimbi yanakuja mafupi na kuvunjika ovyo, kisha masika inashuka na bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa. Niliwaaga wenzangu nikasema nitarudi kusi ikianza kuleta mawimbi mazuri. Kaka yangu, anayeishi Korogwe mjini, ana mke na watoto. Mimi sikuwa na mume wala mtoto, kwa hiyo kikao cha ndugu hakikuchukua muda.

Nyumba ya mama iko ukingoni mwa shamba la mkonge. Babu alikuja kutoka mbali kukata mkonge hapo, mama akazaliwa hapo, akazeeka hapo, na bahari hakuwahi kuiona. Sasa upande wake wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno hayakutoka. Asubuhi nilimgeuza, nikamwosha, nikamnywesha uji, nikamgeuza tena asipate vidonda. Nikichelewa kidogo bombani, nilimsikia tangu njiani akigonga ukuta kwa kikombe cha bati. Nikawa sifiki mbali zaidi ya duka la jirani.

Mwezi wa sita kusi ikafika hata kwetu. Ilitikisa mabati na kupeperusha vumbi la barabara ya shambani. Sikuhitaji kuambiwa inafanya nini kule pwani, lakini niliambiwa. Msichana niliyekuwa nafundisha naye alinitumia ujumbe wa sauti kila asubuhi. Kuna siku alisema ni bamvu, maji yamekupwa mpaka mwamba uko nje, wanasubiri yajae nusu ndipo waingie. Siku nyingine alisema upepo bado haujaamka na mawimbi yanakuja marefu, yamenyooka, yanampita mtu kichwa. Nilisikiliza simu ikiwa juu ya mto, mikono yangu ikiwa chini ya mgongo wa mama. Mara moja nilijikuta nimesimama jikoni, miguu nimeipanua, magoti nimeyakunja kama niko juu ya ubao, mwiko mkononi. Nikaona aibu japo hapakuwa na mtu.

Maneno ya mama yalirudi polepole, kwanza majina ya vitu, baadaye sentensi. Asubuhi moja nilikuwa nampaka mafuta miguuni, ujumbe wa sauti umekwisha, akanitazama.

"Unaniuguza kama mtu anayesubiri basi," alisema.

Nilifunika chupa ya mafuta. Alinitaka nimpigie kaka, nikamshikia simu sikioni. Alimwambia kaka amlete mkewe, mimi nina safari. Kaka alijaribu kueleza habari za shule na za mtoto mdogo. Mama alimwacha amalize, kisha akarudia maneno yaleyale.

Wifi alikuja na mtoto mgongoni, na kesho yake nikapanda basi la Dar. Tuliposimama Kabuku wauza machungwa wakazunguka madirisha, nami nikanunua mengi kuliko ninayoweza kula, kwa furaha tu.

Mwili ulikuwa umesahau. Wimbi la kwanza lilinipiga likanisugua mchangani, la pili vilevile. Asubuhi ya tatu mabega yalianza kukumbuka. Jioni yake kaka akapiga simu. Alisema mama hataki kula. Wifi akimpelekea kijiko anafunga mdomo na kugeukia ukutani.

"Sikwambii urudi," alisema kaka. "Nakuambia tu hali ilivyo."

Asubuhi iliyofuata niliingia majini hata hivyo. Upepo ulikuwa bado umelala. Nilikaa juu ya ubao nyuma ya mahali mawimbi yanapovunjika, na yalikuja mazuri kuliko yote niliyoyaona mwaka ule, moja nyuma ya jingine. Yaliniinua, yakanishusha, yakaenda zake ufukweni bila mimi. Sikulifuata hata moja. Nilikuwa namwona mama ameelekea ukutani. Upepo ulipoamka na maji yakaanza kuchafuka, nilirudi nchi kavu nikakunja nguo zangu.

Nilifika Mazinde kesho yake jua likizama. Mama alinitazama kwa mshangao, akauliza kama bahari imeharibika. Nikamwambia bahari ni nzuri, yeye ndiye aliyenirudisha.

"Mimi sikukuita," alisema.

"Hukula, mama."

Alitazama mlangoni kuona kama wifi yuko karibu. "Uji wake mwepesi," alisema kwa sauti ya chini. "Kama maji ya kuoshea sufuria. Nitamwambiaje mtoto wa watu?"

Nilitoka nikakaa nyuma ya jiko. Nilicheka mpaka nikalazimika kuziba mdomo kwa khanga, na sikumbuki kicheko kiligeuka kilio wakati gani. Wifi alinikuta hapo. Nilimwambia ukweli, akanuna, kisha akaniomba nimwonyeshe. Tulipika pamoja, mama akanywa bakuli zima. Wifi aliondoka kesho yake, na kusi iliyobaki niliimalizia Mazinde.

Mwaka uliofuata wifi alikuja tena, na safari hii mama alikula vizuri. Nilirudi kambini nikakuta nafasi yangu imeshachukuliwa na kijana mmoja hodari, sina la kumlaumu. Nilipanda mawimbi kama mgeni. Wiki ya pili, bila kupigiwa simu na mtu, nilikunja nguo nikaenda kituo cha mabasi kurudi Mazinde. Tulikuwa tumeshapita Chalinze nilipotambua kwamba ningeweza kubaki siku kadhaa zaidi, na hakuna ambaye angeniuliza.