Maungamo ya Bibi kwa Kinywa Changu

Mimi ni mwoga na sijawahi kuficha. Naogopa radi, naogopa mbwa wa watu, naogopa barua yenye mhuri. Lakini woga ulionikondesha kweli, mpaka sketi zangu za mtumba zikawa zinanizunguka kiunoni, ulianzia kwenye chumba kidogo nyuma ya altare ya kigango chetu, kanisa dogo la kijijini, njia ya Magu, Kwaresima moja ya miaka ya tisini.

Wakati huo nilikuwa nakata minofu ya sangara katika kiwanda cha samaki, Mwanza mjini. Viwanda vilikuwa vinafunguliwa kimoja baada ya kingine, na msichana mwenye mkono mwepesi hakukosa kazi. Mwisho wa wiki nilipanda basi kwenda kumwona bibi, mama mzazi wa baba, ambaye ndiye aliyenilea. Mama yangu, nilivyoambiwa tangu utoto, alikwenda kuwasalimia wazazi wake Ukerewe, akashikwa na homa, akafia huko. Baba naye alikwishafariki. Nilikuwa na bibi tu.

Parokia ilikuwa imeletewa padri mpya kutoka kusini, asiyejua neno la Kisukuma. Bibi naye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Watu wa aina yake waliungama kwa kupitia katekista, lakini bibi aligoma, akasema mdomo wa yule mzee haufungi. Akanitaka mimi. Padri alikubali, ila alinikalisha kwanza akanieleza kwamba anayetafsiri maungamo amefungwa na siri ileile inayomfunga padri. Niliitikia kwa kujidai kidogo. Nilijiona mtu muhimu sana.

Bibi alianza na mambo madogo. Alimsonya jirani, alikosa misa mbili, alimlaani mbuzi wa watu. Nikatafsiri yote. Kisha akashika ukingo wa kiti, akasema alimsingizia mkamwana wake. Alimwambia mwanawe kwamba mkewe anakutana na karani wa pamba nyuma ya ghala, na haikuwa kweli. Alisema hivyo kwa sababu mwanawe alikuwa ameanza kumsikiliza mke kuliko mama. Mwanawe akamfukuza mke siku hiyohiyo, mtoto akabaki. Yule mwanamke alirudi mara mbili kumwomba mtoto wake, na mara zote mbili bibi alimjibu mlangoni kwamba mtoto amepelekwa Shinyanga kwa shangazi. Mtoto alikuwa amelala chumbani. Mvua za mwaka ule hazijaisha, habari zikaja kutoka Ukerewe kwamba yule mwanamke amekufa.

Mtoto huyo ni mimi.

Padri alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja. Nikasema, "Anasema zamani aligombana na mkamwana wake."

Nilijua ninachofanya. Sitaki kujisafisha hapa kwa kusema nilichanganyikiwa. Nilichanganyikiwa, ndiyo, lakini nilikuwa na hasira pia, na hasira ilikataa mwanamke huyu atoke pale akiwa safi. Padri akampa malipizi ya Salamu Maria tatu, akamwondolea dhambi, tukatoka.

Misa ilipofika kwenye Komunyo, bibi alijipanga na wenzake, akapokea, akarudi kwenye benchi akafumba macho. Hapo ndipo hofu iliponishika. Katika mafundisho tulikuwa tumefundishwa kwamba dhambi ya mauti lazima ifike kwa padri. Hii haikufika. Bibi alikuwa ameitoa yote, mimi nikaimeza njiani, na sasa alikuwa anakula Mwili wa Bwana akidhani amesamehewa. Alikuwa amepita miaka sabini, na kifua chake kilikuwa kibovu. Kila alipokohoa nilihesabu siku alizobakiza.

Kazini nilianza kujikata vidole. Mwenzangu wa meza moja alikuwa ameokoka, na siku za mapumziko alikuwa akienda kwenye mikutano ya injili iliyokuwa imejaa mjini. Nilimuuliza kwa kuzunguka, kama habari ya mtu mwingine kabisa, kwamba mtu akitubu halafu maneno yake yasimfikie padri, inakuwaje. Hakuacha hata kukata samaki.

"Dada, damu ya Yesu haihitaji tarishi," alisema. "Huyo mtu alishasikiwa kabla hajafunga mdomo."

Nilitamani kumkumbatia na gloves zake za samaki. Nilitembea na jibu hilo siku nzima, nikala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Jioni likanigeukia. Kama Mungu alimsikia bibi bila padri, basi na mimi alinisikia, na alijua kwa nini nilisema nilichosema. Kwa hiyo padri akihitajika, nimempoteza bibi. Asipohitajika, nimejipoteza mwenyewe. Sikuona upande wa kukimbilia.

Nilikwenda kanisani mjini nikapanga foleni ya kuungama, mara mbili, na mara mbili nikatoka nimebakiza mtu mmoja mbele yangu. Niliogopa padri asije akasema maondoleo ya bibi yalikuwa bure. Nisingeambiwa, ningeweza bado kujidanganya.

Wiki mbili baada ya Pasaka nilimkuta bibi amelala mchana, jambo ambalo hakulizoea. Nikaona nikingoja nitazika. Nikamwambia kwa Kisukuma, nikiwa nimesimama karibu na mlango ili nipate pa kutokea, kwamba ile ya mama sikumfikishia padri.

Hakushtuka. Akajivuta akakaa.

"Kiswahili cha Salamu Maria nakielewa," alisema. "Salamu Maria tatu kwa ajili ya mama yako? Nilijua palepale kwamba hujasema. Nimekuwa nakungoja."

Nilimuuliza kwa nini basi hakunigombeza, kwa nini alikwenda kupokea. Alisema hakujua afanye nini tena. Miaka yote alikuwa ameshindwa kuniambia uso kwa uso, akaona labda mbele ya padri atapata nguvu, maana pale nisingeweza kukimbia. Kisha akasema alipoona nimeificha aliogopa sana. Ilinishangaza. Wiki zote zile nilidhani hofu ile ilikuwa yangu peke yangu.

Padri alipokuja tena kigangoni tulirudi kwenye chumba kilekile. Safari hii nilisema yote, na kwa kuwa nilikuwa kinywa chake ilinibidi niseme kama yeye: nilimsingizia, nikasababisha afukuzwe, nilimjibu mlangoni kwamba mtoto hayupo. Alipomaliza kumwondolea, bibi hakuinuka. Aliniuliza padri amesemaje. Nikamwambia amesema umesamehewa.

"Huyo amesema ya kwake," alisema bibi. "Wewe je?"

Nilimtazama. Nilitaka kusema ndiyo, hata kwa adabu tu, kwa sababu ya mvi zake. Nikamwambia, "Bado, bibi."

Akatikisa kichwa, akasema basi atangoja.

Hofu iliyofuata ilizidi zile zote. Sasa niliogopa asije akafa kabla sijaweza kumsamehe. Kila Jumamosi basi likikaribia kwetu, nilinyoosha shingo dirishani kutazama kama kuna watu wamekaa nje ya nyumba. Kila Jumamosi hawakuwepo, nikashuka, nikamsalimia, nikampikia, nikaondoka sijasema neno lile. Halikuwa linakuja. Nililitafuta, nalo lilikuwa halipo, na kulisema bila kuwa nalo niliona ni kumdanganya mara ya pili.

Halafu Jumamosi moja watu walikuwepo. Mabenchi yalikuwa uani, akina mama wamejifunga khanga, wengine wamekaa chini. Nilishuka kabla basi halijasimama vizuri. Sikuuliza mtu kitu, nilikuwa nalia tayari, na nakumbuka nilikuwa nasema "nisamehe, nisamehe" huku nikiwaruka watu miguu. Kumbe ilikuwa ni sala ya jumuiya ya waumini majirani, zamu ya nyumba yetu. Bibi alikuwa chumbani, ameketi kitandani, anafungwa kilemba na mama mmoja wa jirani.

Niliingia bila hodi, bila shikamoo. Nikasema, "Bibi, nimekusamehe."

Akajibu, "Marahaba," kama alivyozoea kunijibu kila nikiingia mlangoni.

Nilidhani hakusikia. Nikapiga magoti, nikarudia kwa sauti kubwa, mbele ya yule mama aliyekuwa anamfunga kilemba.

Akasema mara ya kwanza alikuwa amesikia.