Kidonge cha Jioni

Ukoo wa baba ulikaa vikao vitatu kuamua kama apasuliwe moyo au asipasuliwe, na katika vikao vyote vitatu mimi niliyempeleka hospitali, niliyebeba faili lake, niliyemsikiliza daktari kwa masikio yangu mwenyewe, niliambiwa nikapike chai. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo mwenye sauti juu ya baba alikuwa dada yake mkubwa, shangazi yangu wa kijijini Kinole, pamoja na wazee wa upande wao. Sisi watoto wake tulikuwa wasikilizaji tu, tena wa kule jikoni.

Maneno ya daktari hayakuwa magumu. Mishipa inayolisha moyo wa baba ilikuwa imeanza kuziba, ndiyo maana akipanda kilima kidogo tu kifua kinambana. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, vidonge, asubuhi na jioni, kila siku, aumwe asiumwe. Vidonge vikishindwa, basi apelekwe India, wachukue mshipa wa mguuni waushonee kwenye moyo ili damu ipate njia nyingine. Baba alikuwa amepewa vidonge kwa miezi sita na kifua kilikuwa kilekile. Daktari akasema dawa zimeshindwa, akaanza kuandika barua ya rufaa.

"Hapasuliwi mtu hapa," shangazi alisema kwenye kikao cha tatu. "Wakishaufungua huo moyo, wataweza kuurudisha ulivyokuwa?"

Wazee wakaitikia. Baba mwenyewe, aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda hapa mjini mpaka kiwanda kilipouzwa naye akapunguzwa, alikaa kimya akikuna goti, utadhani anayezungumziwa ni jirani. Nilitamani nimwage chai yote sakafuni.

Wiki iliyofuata nikapanda Kinole kwenda kumbembeleza shangazi. Nilimkuta uani anaanika karafuu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa habari ya kisu."

"Nimekuja kwa habari ya baba. Dawa zimeshindwa, shangazi."

"Zimeshindwaje? Mbona mimi zinanisaidia?" Akaingia ndani, akatoka na bahasha ndogo ya kaki, zile za hospitali. "Nilimwambia baba yako kifua kinaniwaka moto. Tangu siku hiyo ananiletea hizi, anawapa kina mama wanaoshusha ndizi sokoni. Si maduka ya dawa yamejaa huko mjini siku hizi? Ananinunulia."

Shangazi hakujua kusoma. Juu ya bahasha kulikuwa na jina la baba. Nikamrudishia ile bahasha, nikaaga bila hata kukaa.

Nilipomuuliza nyumbani, baba hakukana. "Cha asubuhi changu, cha jioni cha dada," alisema, kama anayesoma daftari la stoo.

"Baba! Wanataka kukupeleka India kwa sababu dawa zimeshindwa!"

"Hazijashindwa. Nimezigawa."

"Na umekaa kimya vikao vitatu?"

"Ningesema mbele yake? Akijua ni zangu, atazimeza tena?"

Miaka yote ya uhaba wa bidhaa alikuwa amewagawia wafanyakazi wenzake sabuni na sukari, na hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Sasa alikuwa amefanya vilevile na moyo wake, akaona ametenda haki. Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Aliningoja nimalize, kisha akaniapisha nisimwambie shangazi kamwe. Nikaapa, huku nimenuna.

Daktari aliposikia aliweka kalamu chini. "Mtu hapasuliwi kwa ajili ya dawa ambazo hakumeza," alisema, na aliyefokewa ni mimi. Akaamuru baba ameze dozi kamili miezi mitatu ndipo tuzungumze habari ya India. Akataka na shangazi aletwe apimwe, nami nikamsihi asimwambie vidonge vilikuwa vya nani. Alipompima alimkuta na moyo mzima kabisa. Shangazi alikuwa na kiungulia. Nusu mwaka moyo wa baba ulinyimwa dawa, kumbe zinapelekwa kwa kiungulia! Akapewa vidonge vya kutafuna, akasema hivi ni vizuri kuliko vile vya kwanza.

Miezi mitatu nilisimama mbele ya baba kila jioni, nikimtaka afungue mdomo nione kama kweli amemeza. Alinichukia kidogo. Lakini kifua kilianza kuachia, na daktari akasema barua ya rufaa haiendi kokote, aendelee na vidonge.

Tukapanda Kinole kuupa ukoo habari. Baba alipanda kile kilima cha kwenda kwa dada yake bila kusimama hata mara moja, wazee wakimtazama kutoka barazani.

"Mnaona?" shangazi akasema kwa sauti ya kusikika na majirani. "Watoto wa mjini mlitaka kumchana mdogo wangu bure. Bila ukoo angekuwa amekwishalala kaburini. Haya, wewe uliyekuwa unashabikia kisu, tuombe radhi."

Nilimtazama baba. Alikuwa ananitazama mimi, na katika miezi yote ile ya ugonjwa sikuwahi kumwona na hofu kama aliyokuwa nayo wakati ule.

Nikapiga magoti. "Nisamehe, shangazi," nikasema.

Akanisamehe palepale, mbele ya watu wote.